Tume ya Adhabu ya Marekani ina nguvu gani hasa?

Mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 2015, wafungwa wapatao 6,000 walitoka katika magereza ya serikali ya shirikisho ya Marekani ndani ya siku chache. Hakukuwa na msamaha wa rais, wala Bunge halikuwa limepitisha sheria mpya. Kilichotokea ni kwamba mwaka mmoja kabla, watu saba walikutana Washington wakapiga kura kushusha kwa ngazi mbili kipimo cha adhabu za dawa za kulevya, kisha wakapiga kura nyingine kwamba hata waliokwisha kufungwa wanufaike. Theluthi hivi ya waliotoka walikuwa raia wa nchi nyingine, na hao walipokelewa na maofisa wa uhamiaji badala ya ndugu zao.

Watu hao saba ndio Tume ya Adhabu ya Marekani. Ukizisoma habari zake juujuu unaweza kudhani ni mahakama, au bodi ya msamaha, au idara fulani ya Wizara ya Sheria. Ukweli ni kwamba Tume haifungi mtu wala haifungui mtu, na haisikilizi kesi wala rufaa. Hata wale 6,000, kila mmoja jalada lake lilipita mezani kwa jaji, na ni jaji aliyesaini amri ya kumpunguzia kifungo. Lakini bila kura ya Tume, jaji huyo asingekuwa na ruhusa ya kulifungua jalada lenyewe. Sasa mwenye mamlaka hapo ni nani?

Jibu limebadilika zaidi ya mara moja katika miaka arobaini, na kwa namna ambayo hata mawakili huwachanganya wateja wao.

Wakati jaji alikuwa mfalme

Kabla ya 1984, jaji wa mahakama ya shirikisho alikuwa na uhuru ambao leo unashangaza. Sheria ikisema kosa fulani adhabu yake ni hadi miaka 25, jaji angeweza kutoa mwaka mmoja, au kumi, au yote 25, na hakulazimika kueleza kwa nini. Mahakama ya rufaa kwa kawaida haikugusa kifungo kilicho ndani ya upeo wa sheria. Baadaye bodi ya parole ingekaa na kuamua mfungwa atoke lini, kwa hiyo miaka iliyotajwa mahakamani haikuwa miaka ambayo mtu angekaa gerezani. Washtakiwa wawili wenye kosa moja, katika jengo moja la mahakama, wangeweza kutofautiana kwa miaka kumi kwa sababu tu kesi ziliangukia kwa majaji tofauti.

Marvin Frankel, aliyekuwa jaji New York, alikuwa mstari wa mbele kuupigia kelele utaratibu huo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alitaka chombo maalumu kiweke vipimo vya adhabu. Wazo likawavuta watu wasiopatana kwa mengine yote. Upande mmoja ulikuwa wa waliokerwa na ubaguzi na bahati nasibu ya majaji, akiwamo Seneta Edward Kennedy. Upande wa pili ulikuwa wa wahafidhina waliohisi majaji ni wapole mno, na kwamba parole ni kuwadanganya wananchi. Tarehe 12 Oktoba 1984 Rais Ronald Reagan akasaini Sheria ya Mageuzi ya Adhabu. Parole ikafutwa kwa makosa ya shirikisho yatakayotendwa kuanzia 1 Novemba 1987. Leo mfungwa mwenye nidhamu anapunguziwa hadi siku 54 kwa mwaka. Tume ikaundwa kujaza nafasi iliyoachwa wazi.

Kabla ya kwenda mbele, jambo moja linalowapoteza wengi: Tume hii inahusu makosa ya shirikisho tu, kama unyang'anyi wa benki, usafirishaji wa dawa za kulevya, ulaghai unaovuka majimbo, makosa ya uhamiaji, na baadhi ya makosa ya silaha. Idadi kubwa ya wafungwa wa Marekani wako kwenye magereza ya majimbo, na huko kila jimbo lina utaratibu wake. Minnesota ilikuwa na miongozo yake tangu 1980, kabla hata ya serikali kuu. Kwa hiyo jamaa yako akishtakiwa na jimbo la Texas au Ohio, kura za Tume hii hazimhusu.

Ndani ya mahakama lakini haihukumu

Sheria inaiweka Tume ndani ya mhimili wa mahakama, kama chombo huru. Ina wajumbe saba wenye kura. Rais ndiye anayewateua na Seneti ndiyo inayowathibitisha, na kipindi chao ni miaka sita. Angalau watatu lazima wawe majaji wa shirikisho, na wasizidi wanne kutoka chama kimoja. Mwanasheria Mkuu au mwakilishi wake anakaa nao bila kura. Rais anaweza kumwondoa mjumbe, lakini kwa sababu tu: kuzembea kazi, utovu wa maadili, au sababu nyingine ya msingi. Mwongozo wowote hauwezi kupita bila kura nne.

Mchanganyiko huo ni wa ajabu kidogo, na haukupita bila kupingwa. Chombo kilicho chini ya mahakama kinateuliwa na rais, kinaandika kanuni zinazofanana na sheria, na baadhi ya wanaoziandika ni majaji ambao Jumatatu watarudi kortini kuzitumia. Suala hilo lilifika Mahakama ya Juu katika kesi ya Mistretta, na Januari 1989 majaji wanane kwa mmoja wakasema Tume ni halali. Hoja yao ilikuwa kwamba Bunge linaweza kukasimu kazi ikiwa limetoa maelekezo ya kutosha, na hapa lilitoa mengi mno. Aliyepinga peke yake alikuwa Antonin Scalia, ambaye kwa kejeli alisema hili ni Bunge la timu ya pili. Aliona chombo kisicho na kazi nyingine yoyote ila kutunga kanuni ni mtunga sheria, hata ukikipa jina gani. Mimi nadhani Scalia alikuwa na hoja nzito kuliko kura ile moja inavyoonyesha, na yaliyotokea baadaye yamekuwa kwa sehemu ni njia ndefu ya kuijibu.

Maelekezo ya Bunge yenyewe yanastahili kusomwa. Miongozo isijali rangi, jinsia, asili ya mtu, imani wala hali yake ya kipato. Iandikwe kwa namna itakayopunguza uwezekano wa magereza kujaa kupita uwezo wake. Wahalifu sugu wa dawa na fujo wapewe kifungo kilicho kwenye upeo wa sheria au karibu nao. Na kipimo cha juu katika kila kiwango kisizidi cha chini kwa zaidi ya asilimia 25 au miezi sita, yoyote iliyo kubwa. Sharti hilo la mwisho ndilo lililozaa jedwali maarufu.

Jedwali

Jedwali la Tume lina ngazi 43 za uzito wa kosa kwenda chini, na safu sita za rekodi ya mshtakiwa kwenda kulia. Jumla ni visanduku 258, na ndani ya kila kisanduku kuna idadi ya miezi.

Chukua mtu anayeingia benki na kumsukumia karani kikaratasi kilichoandikwa "toa pesa au nakuua." Anaondoka na dola 4,000. Hana bunduki. Anakamatwa na kukiri kosa mapema. Kwa mwongozo, unyang'anyi unaanzia ngazi ya 20. Pesa zilikuwa za benki, ongeza 2. Alitishia kuua, ongeza 2. Kiasi cha dola 4,000 ni kidogo, hakiongezi kitu. Amefika 24. Kwa kukiri na kukubali wajibu anapunguziwa 3, anabaki na 21. Kama hana rekodi yoyote, kisanduku chake kinasema miezi 37 hadi 46. Kama miaka michache nyuma alifungwa miaka miwili kwa kosa jingine, anahesabiwa pointi tatu za rekodi na kusogea safu ya pili: miezi 41 hadi 51. Kama ana pointi 13 au zaidi, yuko safu ya sita, miezi 77 hadi 96. Kosa ni lile lile, kikaratasi ni kile kile.

Sheria ya Bunge, kwa upande wake, inasema tu kwamba mnyang'anyi wa benki wa namna hii anaweza kufungwa hadi miaka 20. Umbali kati ya "hadi miaka 20" na "miezi 37 hadi 46" ndio eneo lote ambalo Tume inalima.

Hesabu hii huandaliwa na afisa wa probesheni katika ripoti inayosomwa na pande zote. Mawakili wanabishana: je, maneno ya kwenye kikaratasi ni tishio la kuua kweli? Je, alikuwa kiongozi wa genge au aliyetumwa tu? Jaji ndiye anayeamua. Watu wa nje hufikiri kesi inaisha juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kama mtu ana hatia, inaposema "ana hatia." Katika mahakama za shirikisho, ambako washtakiwa walio wengi hukiri bila kesi kusikilizwa, vita kubwa mara nyingi ni hii ya ngazi.

Msomaji wa Kenya au Uganda ataona tofauti na kwao. Uganda ilipata miongozo yake mwaka 2013 na Kenya mwaka 2016, na yote ilitoka ndani ya mahakama, kwa lengo la kumsaidia hakimu kufikiri kwa mpangilio. Hakuna tume yenye wateule wa rais, wala jedwali la miezi linalopitia bungeni.

Bunge linabaki na neno la mwisho

Tume ikitaka kurekebisha mwongozo, kwanza inachapisha rasimu kwenye gazeti la serikali, inapokea maoni na kufanya vikao vya wazi. Yeyote anaweza kuandika, na wafungwa huandika sana. Kisha rekebisho linapelekwa bungeni kabla ya 1 Mei. Bunge likinyamaza, linaanza kutumika 1 Novemba. Ili kulizuia, haitoshi Bunge kulalamika, linalazimika kupitisha sheria kamili na rais aisaini. Kunyamaza kwa Bunge ndiko kunakoipa Tume nguvu nyingi, kwa sababu Bunge la Marekani hunyamaza kwa mengi.

Lakini halikunyamaza mwaka 1995. Sheria ya 1986 ilikuwa imeweka gramu 5 za kokeini ya kreki, ile ya mawe ya kuvuta, sawa na gramu 500 za kokeini ya unga: zote zinaanzia kifungo cha chini cha miaka mitano. Kimsingi ni dawa moja. Kreki iliuzwa mitaa ya watu weusi maskini, unga ukauzwa kwa wenye nafasi, na matokeo yakaonekana wazi gerezani. Tume, kwa kura nne kwa tatu, ikaamua kusawazisha uzito wa hizo mbili katika mwongozo wake. Bunge likapitisha sheria ya kukataa, na Rais Bill Clinton akaisaini mwishoni mwa Oktoba. Ilikuwa mara ya kwanza rekebisho la Tume kukataliwa. Tume ikarudi mwaka 2007 na ombi dogo zaidi, kushusha kreki ngazi mbili tu, na safari hiyo Bunge likaliachia. Uwiano wenyewe katika sheria ulishuka hadi 18 kwa 1 mwaka 2010, na hilo lilifanywa na Bunge.

Kuna kisa kingine ambacho naona kinafundisha zaidi kuliko cha kreki, nacho ni cha LSD, dawa ya kulevya inayoleta maono. Dawa hii huuzwa ikiwa imedondoshewa kwenye karatasi. Karatasi ina uzito kuliko dawa yenyewe kwa mbali sana. Katika kesi ya Chapman iliyoamuliwa 1991, vipande 1,000 vilikuwa na dawa halisi miligramu 50 hivi, ila ukipima pamoja na karatasi ni gramu 5.7. Sheria inasema "mchanganyiko" wa gramu 1 unatosha kumpeleka mtu miaka mitano isiyopungua, na Mahakama ya Juu ikasema karatasi ni sehemu ya mchanganyiko. Ina maana muuzaji aliyetumia karatasi nzito angefungwa zaidi ya aliyetumia nyepesi.

Mwaka 1993 Tume ikaona haya hayaelekei. Ikaagiza kwamba, kwa ajili ya jedwali, kila dozi ihesabiwe kuwa miligramu 0.4, bila kujali karatasi. Kwa kipimo hicho vipande 1,000 ni gramu 0.4, chini ya gramu moja. Wafungwa wakaenda mahakamani wakidai basi na kile kifungo cha chini cha miaka mitano kiwaondokee. Mwaka 1996, katika kesi ya Neal, Mahakama ya Juu ikakataa bila jaji hata mmoja kupinga. Tume inaweza kubadili kipimo chake, haiwezi kubadili tafsiri ya sheria ya Bunge. Kwa hiyo karatasi moja ya LSD hupimwa mara mbili katika kesi moja: bila karatasi ili kutafuta kisanduku, na pamoja na karatasi ili kujua kama kifungo cha chini cha lazima kinamshika. Vikigongana, sheria ya Bunge inashinda.

Mwaka uliofuata Tume ikabanwa tena. Ilikuwa imejaribu kulainisha maana ya "upeo" katika yale maelekezo kuhusu wahalifu sugu, na mahakama ikasema Bunge liliposema upeo lilimaanisha upeo wote.

Hata maelezo ambayo Tume huyaandika chini ya kila mwongozo yamezua kesi. Mwongozo hupelekwa bungeni, lakini maelezo yanaweza kubadilishwa bila safari hiyo. Mahakama moja ya rufaa ilisema 2019 kwamba Tume haikuwa na ruhusa ya kuongeza "kujaribu kutenda kosa" kupitia maelezo, ilhali mwongozo wenyewe haulitaji. Mwaka 2023 Tume ililihamishia jambo hilo kwenye mwongozo wenyewe.

Booker, au siku amri ilipogeuka ushauri

Kwa miaka kumi na saba ya mwanzo, kisanduku kilikuwa amri. Jaji aliruhusiwa kutoka nje yake kwa sababu chache zilizokubalika, na rufaa ilimsubiri.

Halafu ikaja kesi ya Booker. Juri ilikuwa imesikia ushahidi wa gramu 92.5 za kreki, ikamkuta Booker na hatia. Kwa uamuzi huo peke yake, na kwa rekodi yake, kisanduku kilisema miezi 210 hadi 262. Lakini siku ya adhabu jaji alisikiliza ushahidi mwingine, akaridhika, kwa kipimo cha "yaelekea ni kweli" tu, kwamba kulikuwa na gramu 566 zaidi na kwamba mshtakiwa aliingilia haki isitendeke. Kisanduku kikapanda hadi miezi 360 au maisha. Akapewa miezi 360, yaani miaka 30. Miaka minane na ushee iliongezwa juu ya kiwango kilichotokana na maneno ya juri, kwa mambo ambayo juri haikuulizwa.

Tarehe 12 Januari 2005 Mahakama ya Juu ilitoa majibu mawili katika hukumu moja. Majaji watano walisema hiyo inavunja haki ya kuhukumiwa na juri: kama mwongozo ni amri, basi jambo linalopandisha upeo lazima lithibitishwe mbele ya juri. Majaji watano, ila si walewale wote, wakatoa tiba: tuondoe uamri wenyewe. Miongozo ibaki, ila iwe ya kushauri. Ruth Bader Ginsburg ndiye aliyekuwa katika makundi yote mawili. Na aliyeandika sehemu ya tiba alikuwa Stephen Breyer, ambaye miaka ya 1980 alikuwa mjumbe wa Tume hiyo hiyo iliyoiandika miongozo. Alikiokoa alichokijenga kwa kukitoa meno.

Je, meno yalitoka kweli? Nusunusu. Jaji bado analazimika kuanza kwa kukokotoa kisanduku, na akikosea hesabu adhabu inaweza kutenguliwa. Mwaka 2016 ilifika kesi ambayo kisanduku sahihi kilikuwa miezi 70 hadi 87, lakini kwa makosa kikasomwa 77 hadi 96, na mshtakiwa akapewa 77. Mahakama ya Juu ilisema kosa la namna hiyo kwa kawaida linatosha kuonyesha mtu ameumizwa, kwa sababu jedwali ndilo linaloelekeza macho ya kila mtu mle ndani. Kwa upande mwingine, tangu 2007 jaji anaweza kusema waziwazi kwamba haukubali mwongozo fulani, kama ule wa kreki, na akatoa adhabu ya chini. Takwimu za Tume yenyewe za miaka ya karibuni zinaonyesha chini ya nusu ya adhabu zinaangukia ndani ya kisanduku, ingawa nyingi za zile zilizo nje zimeombwa na waendesha mashtaka wenyewe, kwa mfano pale mshtakiwa anapowataja wenzake.

Mwaka 2024 Tume ilifanya jambo ambalo lilikuwa linasubiriwa kwa miongo. Kabla ya hapo jaji aliruhusiwa kuongeza ngazi hata kwa tendo ambalo juri ilikuwa imemwachia mshtakiwa huru, jambo ambalo ukimweleza mtu wa kawaida atakuuliza kama umesikia vizuri. Mahakama ya Juu ilikuwa imeliruhusu tangu 1997, na mwaka 2023 ilikataa kulifungua upya, baadhi ya majaji wakisema waisubiri Tume kwanza. Wajumbe wote saba wakakubaliana kulitoa kwenye hesabu ya jedwali, kwa kesi za shirikisho, kuanzia 1 Novemba 2024.

Pale ambapo bado inaamuru

Watu wengi waliosikia Booker walihitimisha kwamba Tume sasa ni mshauri tu. Hapo ndipo wanapokosea, na wale 6,000 ni ushahidi.

Adhabu ya shirikisho ikishatolewa, jaji hana ruhusa ya kuigusa tena isipokuwa kwa milango michache. Mlango mmoja unafunguka Tume ikishusha mwongozo na kutangaza kwamba punguzo linarudi nyuma, yaani linawahusu hata waliokwisha kufungwa. Funguo za mlango huo ziko kwa Tume. Inaweza kupunguza adhabu za mbele bila kuwagusa walioko ndani, na mara nyingi ndivyo inavyofanya. Ikisema ndiyo, inaweka pia mipaka: jaji asishuke chini ya kiwango kipya, ila kwa wachache waliowasaidia waendesha mashtaka. Mwaka 2010, katika kesi ya Dillon, Mahakama ya Juu iliulizwa kama mipaka hiyo nayo imegeuka ushauri baada ya Booker. Ikajibu hapana, hii si adhabu mpya, ni huruma ambayo Bunge limeipima, na masharti ya Tume yanafunga.

Kwa hiyo tuna hali iliyopinda: siku mtu anapohukumiwa, Tume inashauri, miaka kumi baadaye, anapoomba apunguziwe, Tume inaamuru. Familia nyingi hukaza macho kwa jaji na kusahau kalenda ya Tume, ilhali kwa aliyekwisha kufungwa kalenda hiyo ndiyo yenye habari. Punguzo la 2023 kwa wakosaji wasio na pointi zozote za rekodi, kwa mfano, lilirudishwa nyuma, na amri za kupunguza zikaanza kufanya kazi 1 Februari 2024.

Nguvu nyingine isiyopigiwa debe ni ya takwimu. Kila mahakama ya shirikisho lazima itume nyaraka za adhabu kwa Tume ndani ya siku 30, zaidi ya kesi 60,000 kwa mwaka sasa. Mapambano ya kreki yasingekuwa na hoja bila hesabu hizo.

Viti vinapokuwa vitupu

Yote haya yanategemea kura nne. Januari 2019 vipindi vya wajumbe viliisha bila warithi, na Tume ikakaa bila akidi hadi Agosti 2022, Seneti ilipothibitisha wajumbe saba kwa mpigo, mwenyekiti akiwa Carlton Reeves, jaji kutoka Mississippi. Miaka mitatu na nusu wafanyakazi waliendelea kukusanya takwimu, lakini hakuna mwongozo uliobadilika hata nukta.

Wakati ulikuwa mbaya mno. Desemba 2018 Bunge lilikuwa limewaruhusu wafungwa kuomba wenyewe mahakamani kupunguziwa kifungo kwa sababu nzito za kibinadamu, kama ugonjwa au uzee. Awali ni mkurugenzi wa magereza pekee aliyeweza kuwaombea. Sheria inaitaka Tume ieleze sababu hizo ni zipi. Maelezo yaliyokuwapo bado yalimtaja mkurugenzi peke yake, na hapakuwa na wa kuyasahihisha. Kisha UVIKO-19 ukaingia magerezani. Maombi yakamiminika, na mahakama nyingi za rufaa zikaamua kwamba, kwa kuwa Tume imekaa kimya, jaji anaweza kuamua mwenyewe sababu nzito ni ipi. Mfungwa wa mkoa mmoja akasikilizwa, wa mkoa wa jirani akagonga ukuta, hali ile ile ambayo Tume iliundwa kuiondoa.

Mwaka 2023 Tume iliyorudi iliandika orodha mpya. Ndani yake iliweka kipengele kilichopita kwa kura nne kwa tatu: mtu aliyekwisha kutumikia angalau miaka kumi ya kifungo kirefu kupita kawaida anaweza kusikilizwa ikiwa sheria imebadilika na leo angepewa kidogo zaidi kwa mbali. Waendesha mashtaka wakapinga, wakisema Bunge lilipobadilisha sheria liliamua kwa makusudi kutowagusa waliofungwa zamani, na Tume haiwezi kuwapitishia mlango wa nyuma. Wafungwa nao wakajibu kwamba Bunge liliipa Tume kazi ya kueleza sababu nzito, na katazo pekee lililoandikwa ni kwamba kujirekebisha tabia peke yake hakutoshi. Mahakama za rufaa zikagawanyika, na mwaka 2025 Mahakama ya Juu ikakubali kulisikiliza.